Goti Lisilopiga Magoti

Goti la kushoto lilimkatalia Kokugonza mbele ya baba mkwe wake, tena nyumba ikiwa imejaa wageni.

Siku hiyo ilikuwa ya posa ya wifi yake. Sebule ya Mzee Kazaura ilikuwa imetandazwa majani mabichi kama ya zamani, ingawa chini ya majani hayo kulikuwa na sakafu inayojipasha joto yenyewe. Wazee wa upande wa pili walikuwa wameketi wakitafuna punje kavu za kahawa na kuisifia mvua. Kokugonza akaingia kuwaamkia. Kwa Wahaya, mkaza mwana hamwamkii baba mkwe akiwa wima. Anapiga magoti yote mawili, anashusha macho, anasalimia, na hainuki mpaka aitikiwe. Jambo hilo, kuwapigia wakubwa magoti, alilifanya tangu hajaota meno ya pili, wala hakuwahi kulifikiria kuwa ni jambo.

Goti la kulia likashuka. La kushoto likashuka nusu, likagoma. Paja lilikaza lenyewe, kisigino kikaisukuma sakafu, na mwili mzima ukaanza kuinuka bila ridhaa yake. Akabaki goti moja chini, mguu wa pili umekunjwa mbele, mkao wa mwanamume anayefunga kamba za viatu. Wazee wakaacha kutafuna. Mzee Kazaura hakuwa mtu wa makuu, akamwambia aache tu, habari za mguu wake wanazijua, na tangu apasuliwe amekuwa akisamehewa. Lakini Kokugonza alikuwa na ubishi wa kuzaliwa nao, na aibu ikauongezea ubishi ule nguvu. Aliweka viganja viwili juu ya paja, akalikandamiza goti mpaka likagusa majani.

Ndani yake kitu kikalia taratibu, kama kanga mpya inapochanwa.

"Shikamoo, baba," alisema, jasho likimtiririka usoni.

Aliitikiwa vizuri tu. Kuinuka ndiko kulikomshinda, ikabidi mumewe amshike mkono mmoja na mgeni mmoja amshike wa pili, wakamtoa sebuleni anachechemea mbele ya watu waliokuja kuposa. Hakulia kwa maumivu. Alilia kwa sababu alijua goti lile limekataa kwa makusudi, na mwenye makusudi hayo hakuwa yeye.

*

Kokugonza alikuwa fundi wa vigae. Mashine zilikuwa zimeshachukua sakafu pana za maduka na viwanja vya ndege, lakini pembe, ngazi za mviringo na maua ya vigae vidogo vidogo bado yalidai mkono wa mtu, na mkono wa mtu haufiki sakafuni bila magoti. Miaka yote hiyo ya kupiga magoti juu ya saruji ililila gegedu la goti lake la kushoto, lile tabaka nyororo linalofunika ncha za mifupa ili isisagane. Gegedu halina mshipa wa damu hata mmoja. Likichubuka halijui kujiponya, na mwenyewe hujua tu siku mfupi unapokutana na mfupa.

Madaktari walianza na njia za mababu zao. Kwanza waliutoboa mfupa vitundu vidogo ili damu ivuje na kuganda pale palipo wazi. Likaota kovu gumu lililomsaidia kwa muda, kisha likabanduka. Mara ya pili walichota seli zake mwenyewe, wakaziotesha maabarani na kuzirudisha, nazo zikashika upande mmoja na kuacha mwingine. Habari ya kung'oa vipande vizima kutoka pembeni ya goti na kuvipanda katikati haikuzungumzwa sana, kwa kuwa pengo lilikuwa pana kuliko akiba. Hapo ndipo Daktari Kaijage wa Kituo cha Viungo alipomletea gegedu hai la mtu aliyefariki, lililokwisha kufundishwa.

Lililofundishwa, kwa sababu ndani yake mlikuwa na utando. Ni nyuzi nyembamba kuliko unywele, zinazohisi uzito wa kila hatua na kuiambia misuli ya paja ikaze wapi na ilegee wapi. Utando hujifunza mwendo wa mwenye goti na kuulinda. Mwenye goti lile alikuwa kijana Rwehumbiza, winga wa kushoto wa timu ya mji, aliyewekewa utando baada ya kuumia uwanjani na baadaye akafa kwa ajali ya barabarani. Daktari alieleza kwamba utando uliokwisha kujua kutembea humpunguzia mgonjwa mazoezi ya mwaka mzima, na kweli, Kokugonza alitoka hospitalini kwa miguu yake mwenyewe.

Au tuseme kwa miguu ya Rwehumbiza. Hatua zikawa ndefu, kisigino cha kushoto kikiburuzwa kidogo mwishoni kana kwamba kinautafuta mpira. Kila ilipogonga saa kumi alasiri, saa ya mazoezi, goti lilianza kuchezacheza chini ya meza. Kazi ya vigae alikuwa bado hajairudia, na goti lilimtoa kwenye kiti, kwenye ibada, hata kwenye kumsuka binti yake. Usiku lilitulia likiwa limekwisha kumzungusha mtaa mzima. Binti yake Ajuna, ambaye zamani alizitambua hatua za mama yake tangu getini na kukimbia kufungua mlango, sasa hakukimbia tena. Alikaa kimya nyuma ya pazia mpaka asikie sauti. Mtoto hakuwa na ubaya, ila Kokugonza lilimuuma kuliko kisu cha daktari.

*

"Limechanika," alisema Daktari Kaijage.

Picha ya goti ilielea juu ya meza yake, inazunguka polepole. Gegedu lilionekana jeupe, na kwenye ukingo wake palikuwa na ufa unaoingia katikati. Daktari aliikuza picha, akamwonyesha zile nyuzi za utando zikiwa zimevutwa na kukazana kandokando ya ufa. Alimweleza kwamba goti lilipokandamizwa kupiga magoti, utando uliona ni hatari ukaamuru paja livute kinyume. Mvutano huo ndio uliochana, na ungeendelea kuchana kila siku, kwa kuwa tangu hapo utando ulikuwa umeingiwa na hofu na kukaza hata anapokaa kitini.

Kokugonza aliuliza ni kwa nini kitu cha kawaida namna ile kionekane hatari. Daktari akakohoa. Walikuwa wamelipima lile goti kwenye ngazi, kwenye mteremko, kwa kuchuchumaa na kwa kukimbia. Rwehumbiza tangu awekewe utando hakuwahi kuweka goti lile chini, kwani madaktari wa timu walimkataza, na kanisani, kama mji mzima ulivyojua, aliingia siku ya ubatizo na siku ya mazishi, na mara zote mbili alibebwa.

"Na hamkufikiri kwamba mnampa mwanamke wa Kihaya?"

"Mama Ajuna, mimi nimepigiwa magoti maisha yangu yote," alisema daktari, akiangalia mikono yake. "Sijawahi kupiga. Halikunijia kichwani."

Alilisema kwa aibu ya kweli, kwa hiyo Kokugonza akamwachia. Akauliza kama utando ungeweza kufundishwa hilo moja tu, kupiga magoti, na mengine yabaki. Daktari akatikisa kichwa. Utando uliokomaa haupokei jipya. Akatafuta mfano, akaupata: ni sawa na gundi ya vigae, ikishakauka kigae hakisogezwi, kinabanduliwa.

Ndipo akampa njia mbili. Ya kwanza ilikuwa kuufuta utando. Wangeupitishia umeme mdogo mpaka usahau kila kitu, wauzibe ufa kwa seli mpya, na yeye aanze kujifunza kutembea upya kama mtoto. Gegedu lingebaki, goti lingekunjika, kazi angerudia. Ya pili ilikuwa goti la chuma, maana mfupa ulikwisha kufunguliwa mara nyingi na haungepokea gegedu la mtu mwingine tena. Kwa chuma angetembea vizuri, lakini kushinda amepiga magoti juu ya saruji asahau. Na kama angechagua chuma, gegedu la Rwehumbiza lingetolewa zima pamoja na utando wake, liwekwe kwenye mashine ya mwendo pale kituoni. Mashine ile ilikuwa beseni la maji ya uvuguvugu lenye mifupa ya plastiki. Lingeendelea kutembea humo miaka mingi.

Kokugonza alijua mara moja ni nani angeitaka ile njia ya pili, na daktari alijua kwamba anajua. Sheria ilitaka jina la mtoaji lifichwe, lakini Bukoba ni Bukoba.

"Goti ni lako," alisema daktari. "Mwendo sijui ni wa nani. Nisingependa kukusemea hapo. Ila usikae sana, huo ufa hautakusubiri."

Nje, lami ilikuwa imelowa. Kokugonza alijikokota mpaka kituo cha vigari, akakaa, akainuka, akakaa tena. Saa kumi ilikuwa inakaribia na lile goti bovu, lililochanika, lilikuwa tayari linataka kwenda kucheza. Alilipiga ngumi. Kisha akalisugua, akiona haya, kwa kuwa ni goti la maiti ya mtoto wa mtu.

*

Mtoto huyo alikuwa wa Bi Adeodatha, mwalimu mstaafu wa chekechea aliyeishi peke yake juu ya kilima, nyumba yenye ua wa kokoto. Walikutana sokoni. Bi Adeodatha alikuwa ameinama akichagua nyanya chungu, akasikia nyuma yake hatua ndefu na kile kisigino kinachoburuzwa. Aliacha kikapu chake pale pale, akazifuata hatua zile mpaka getini kwa watu asiowajua. Hakusema mengi siku hiyo. Aliomba tu kama mama huyu angeweza, siku moja moja, kupita kwake na kutembea uani.

Kokugonza alikubali, nani angekataa? Na tangu hapo kila Jumamosi alasiri alipanda kilima. Bi Adeodatha aliketi jikoni, ameupa mlango mgongo, anamenya ndizi. Kokoto zilipoanza kulia aliita, "Rwehu?" Kokugonza hakuitikia wala hakukanusha, alitembea tu. Baadaye waliketi wakatafuna kahawa pamoja na kuzungumza habari za bei na mvua, kama watu waliokutana kwa kawaida. Hakuwahi kuitwa kwa jina lake katika nyumba ile.

Jumamosi hii alipanda akitegemea gongo, na kokoto zikalia vibaya. Bi Adeodatha aligeuka kabla ya kuita.

"Ameumia," alisema.

Kokugonza aliketi, akamweleza yote. Hakuficha posa wala ile sauti ya kanga, hakuficha njia mbili za daktari. Alipofika kwenye beseni na mifupa ya plastiki, kisu cha Bi Adeodatha kilisimama juu ya ndizi.

"Angeendelea kutembea?"

"Daktari ndivyo anavyosema, mama."

"Na ningeruhusiwa kwenda kumsikiliza?"

"Ungeruhusiwa."

Bi Adeodatha akaweka kisu chini. Alisema, bila kupandisha sauti, kwamba video za mwanawe anazo tele, lakini video hufanya yale yale kila siku, hazijui leo kumenyesha. Mwendo ule ulijua. Mvua ikinyesha ulifupisha hatua, jua likiwaka ulitanua. Hicho ndicho kilichobaki kwake duniani chenye kujua hali ya hewa.

Kokugonza akamwambia kuhusu vigae. Akamwambia kwamba ndiyo kazi pekee anayoijua, na ndiyo anayoipenda, na kwamba binti yake hujificha nyuma ya pazia akisikia anakuja. Alikuwa amekuja na maneno aliyoyapanga njiani, mazuri, ya heshima, lakini yalitoka yamevurugika.

"Kazi utapata nyingine," alisema Bi Adeodatha. "Mtoto wako atakuzoea, watoto huzoea. Mimi mwana sipati mwingine. Nakuomba uvumilie chuma."

Kilichomtesa Kokugonza si kwamba mama yule alikuwa na ukatili, maana hakuwa nao. Kilichomtesa ni kwamba angekuwa yeye, na Ajuna akawa ndiye aliyebaki kwenye goti la mtu, angeomba hivyo hivyo, tena kwa kupiga kelele. Hasira ikampanda na huruma ikampanda. Alitaka kusema hapana na alitaka kusema ndiyo, na akiwa bado anatafuta, saa kumi ikagonga.

Goti likaanza kucheza.

Lilichezea chini ya meza mpaka vikombe vikalia. Alilishika kwa mikono miwili, likamtoa kitini. Akatoka nje, gongo likabaki ukutani, maana goti halikulijua gongo. Alikwenda hatua za Rwehumbiza uani, ndefu, kisigino kikiburuzwa, na kila hatua ikawa inamkata. Bi Adeodatha safari hii hakuupa mlango mgongo. Alisimama kizingitini, anatazama. Labda ilikuwa mara ya kwanza anautazama mwendo ule badala ya kuusikiliza, na akiutazama aliuona uso wa anayeutembea.

Kwenye kona ya ua goti lilitaka kugeuka ghafla, kama winga anayemkwepa beki. Likanasa. Kokugonza akaanguka, magoti yote mawili juu ya kokoto, akabaki hapo amefumba macho, hana nguvu ya kuinuka wala ya kulala. Na bado paja lilikuwa linavuta. Linavuta, linalegea, linavuta tena, linataka kwenda.

Bi Adeodatha alikuja akachuchumaa mbele yake. Alimsaidia kukaa, akaunyoosha mguu, akaweka kiganja juu ya goti. Kwa muda wote ule hakuwahi kuligusa. Akalisikia linavyotetemeka.

"Haachi," alisema.

"Haachi, mama. Mpaka jua lizame."

"Hata na homa alikuwa hivi. Akiwa mdogo. Malaria inamchoma na yeye anataka mpira." Aliweka na mkono wa pili. "Nilikuwa namshika hivi mpaka usingizi umpate. Ningemwachia angekwenda mpaka aanguke."

Wakakaa pale chini, wanawake wawili na goti moja. Kulikuwa na upepo kutoka ziwani, na kwa jirani kuku walikuwa wanabishana. Bi Adeodatha hakulia, alishika tu, kwa nguvu, kama anayezuia mlango. Polepole mitetemo ikapungua. Ikarudi kidogo. Ikapungua tena. Kokugonza alihisi paja lake linalegea kwa mara ya kwanza tangu siku ya posa, na akaona aibu kwa jinsi raha ile ilivyokuwa kubwa.

"Amechoka," alisema Bi Adeodatha hatimaye. "Miaka miwili tunamtembeza, mimi na wewe. Mwambie daktari amlaze."

Kokugonza akaanza kusema kwamba si lazima leo, kwamba wanaweza kufikiri. Bi Adeodatha akamnyamazisha kwa kichwa. Hakuondoa mikono yake mpaka giza lilipoanza kuingia.

*

Kuufuta utando hakukuchukua muda. Kokugonza alichomwa sindano ya ganzi kiunoni tu, akawa macho, akaisikia mashine inanguruma kidogo na kunyamaza. Daktari Kaijage aliuziba ufa kwa seli mpya na kumwambia goti sasa ni jeupe, halijui lolote. Wiki nyingi baadaye, alipoambiwa aanze kulikanyagia, alikuta kweli halijui. Halikuwa na hatua ndefu wala fupi. Lilikunjika lilipopaswa kukaza, likakaza lilipopaswa kukunjika. Ajuna alimtazama akiyumba kati ya kabati na kitanda, akacheka mpaka akaketi chini, na Kokugonza naye akacheka, ingawa hatua zile bado hazikuwa zake.

Saa kumi ikapita na goti likakaa kimya. Alilisubiri. Alikaa kitini akilitazama, na ule utulivu alioutamani miaka miwili ukamwingia kama baridi.

Jumamosi alipanda kilima. Hakuwa ameombwa, wala hakujua kama angefunguliwa. Magongo mawili, mguu mmoja unaokwenda ovyo, kokoto zikilia bila mpangilio wowote. Jikoni kisu kikasimama.

"Nani huyo?" aliita Bi Adeodatha.

Kokugonza akasimama katikati ya ua. Alikuwa amejiandaa kwa kila kitu isipokuwa swali hilo.

"Ni mimi, mama. Kokugonza."

Kisha mama akatokea mlangoni, anajifuta mikono kwenye kanga, macho yamevimba. Alimwangalia kuanzia magongo hadi mguu. Kokugonza akajaribu kupiga magoti amwamkie inavyostahili, goti likayumba upande, akadaka gongo.

"Acha," alisema Bi Adeodatha. "Hata kusimama hujui."

Akashuka ngazi mbili za kizingiti. Akachukua gongo la kwanza akalilaza chini, akachukua la pili. Akamshika Kokugonza mikono yote miwili, akaanza kurudi nyuma juu ya kokoto zile zile, hatua moja, akasimama, akamngoja. Sauti yake ilikuwa imekauka, lakini aliyajua maneno, maana alikwisha kuyasema mara moja katika ua huu, kwa mtoto aliyekuwa na haraka ya kwenda.

"Haya," alisema. "Simama dede."